Siku Tuliyovuta Oksijeni Nzito

Siku ile tulikuwa saba, ukimhesabu na jogoo. Nawataja wote kwa sababu wote ni wadaiwa isipokuwa mmoja, na huwezi kumdai mtu ambaye hujasema alikuwepo.

Alikuwepo shangazi, dada yake marehemu baba, aliyefika asubuhi kutoka Tongoni na kapu la mihogo, akiwa amesahau kopo lake la udi nyumbani. Alikuwepo mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mpemba wa makamo aliyekuwa akileta vitu kutoka Pemba na kupeleka vitu Pemba, nasi hatukuwa watu wa kuuliza vitu gani. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, muuza mitumba, amevaa koti la Mzungu mmoja ambaye bila shaka alikuwa mnene mara mbili yake. Alikuwepo kitindamimba wetu, msichana wa kidato cha pili. Alikuwepo jogoo wa jirani, ambaye hakualikwa lakini kila Ijumaa alijua saa ya wali. Nilikuwepo mimi, wa kwanza kuzaliwa. Na alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, msomi wetu, ambaye ndiye mdai.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, Tanga, ile ile waliyotuachia wazazi. Walituacha ndani ya mwaka mmoja, mama kwanza, kisha baba, kama watu waliopeana miadi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikaenda kwa fundi wa kufunga mota, mzee mkali mwenye vidole vyeusi vya vanishi, na hapo nikakaa. Kazi ni hii: mota ikiungua unaifungua, unatoa waya wote wa shaba ulioteketea, unahesabu ulizungushwa mara ngapi, kisha unazungusha mpya idadi ile ile. Ukikosea hesabu, mota inanguruma halafu inanuka. Enzi zile za dhiki waya mpya haukupatikana, kama vile sukari haikupatikana wala sabuni haikupatikana, basi tulifungua mota kuukuu za mashamba ya mkonge, tukanyoosha waya wake kwa mikono, futi kwa futi, tukaupaka vanishi upya. Mimi nimenyoosha waya wa kufika Pangani na kurudi.

Nilipoacha shule nililia, lakini sikulia bure. Niliwaambia wadogo zangu: ninyi mtasoma, na kila mmoja atanilipa karo. Karo yenyewe ilikuwa kwamba kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kila mtu aniletee jambo moja alilofundishwa wiki ile, anieleze mpaka niweze kumrudishia kwa maneno yangu mwenyewe. Nikishindwa kurudisha, hajalipa. Ijumaa nyingi chakula chenyewe kilikuwa bada, ugali wa muhogo, na dagaa, tena bada la unga uliochanganywa na vitu visivyotajika, lakini karo ilitoka. Hivyo ndivyo nilivyoijua mito ya Afrika, na mifupa ya mkono, na kwa nini chumvi huyeyuka. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa mkwepaji. Wiki tatu mfululizo alinilipa kwa kunieleza kuwa mbuzi ni mamalia.

Msomi wetu hakukwepa hata mara moja. Alisoma mpaka shule za hapa zikamwishia, akapelekwa na serikali nchi moja ya theluji kusomea fizikia. Akiwa huko alilipa kwa barua. Barua zilichukua miezi miwili njiani, na mimi nilizisoma Ijumaa tu.

Alirudi likizo miaka ya ruksa, wakati madukani kulikuwa kumejaa tena na watu hawakuwa na cha kununulia. Alikuja na sanduku moja na kikopo cha filamu ya kamera. Katika wiki ya pili nilimwona akimpa kitindamimba lile sanduku awekee vitabu vyake, na hapo ndipo nilipojua. Mtu anayekusudia kurudi hagawi sanduku.

Nilimuuliza, akanieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Ameacha. Mahali pake chuoni patafungwa mwezi ukiisha, tiketi ya kurudia anayo, lakini haitumii. Atafundisha sekondari hapa hapa Tanga. Zilibaki siku tisa.

Ningeweza kumwambia rudi, naye angerudi. Hilo ndilo lililonizuia. Mimi nilitolewa shule na jambo ambalo sikulichagua, sikutaka na yeye arudishwe shule na jambo ambalo hakulichagua. Lakini nilitaka arudi kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu niliponunua koleo langu la kwanza. Nikamwambia tu kwamba kabla hajaacha, anadaiwa karo ya ile kazi ya miaka miwili ambayo haikuenea kwenye barua. Anieleze alichokuwa akikifanya huko mpaka nikirudishe.

Sehemu ya kwanza alinilipa siku hiyo hiyo. Alifungua kikopo, ndani mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba kidonge cheusi, kama sarafu ndogo iliyonenepa. Akaniambia ni shaba iliyosagwa pamoja na madini mengine mawili, ikachomwa kwenye tanuri, ikasagwa tena, ikachomwa tena, mpaka shaba yote ikashikana na oksijeni.

Nikamwambia: "Yaani kutu."

Akasema: "Kutu ya shaba, kaka. Ndiyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kutu ya shaba mimi naifahamu kama ninavyomfahamu mtu aliyenikosea. Maisha yangu yote naikwangua kwa msasa, kwa sababu ukiunga waya wenye kutu umeme haupiti, kiungo kinapata moto, mota inarudi kwako na mwenyewe akiwa amenuna. Sasa mdogo wangu ananiambia kwamba kutu ile, ikipikwa vizuri na kupozwa kwa baridi ambayo hata huko kwenye theluji haipatikani ila kwa mitambo, inapitisha umeme bila kuuzuia hata chembe. Hakuna kupata moto. Ukiuanzisha umeme ndani ya duara la kitu hicho, unazunguka wenyewe. Nilimuuliza unazunguka mpaka lini. Akasema hajui mtu aliyengoja ukaisha. Niliwaza mota zote nilizozifungua, nikahisi kama mtu amenitania.

Kidonge kile hakikuwa cha kawaida hata miongoni mwa wenzake. Kuna oksijeni ya namna mbili, alisema, ile ya kila siku na nyingine nzito kidogo, pacha wake kwa kila tabia ila amebeba uzito zaidi. Kazi yake ilikuwa kuchukua kidonge chenye oksijeni ya kawaida, kukiweka kwenye bomba lenye oksijeni nzito, na kukipasha moto kwa siku nyingi mpaka nyepesi itoke na nzito iingie mahali pake. Kisha anakipoza na kutazama kama baridi inayotakiwa imebadilika. Oksijeni nzito haiuzwi sokoni. Ilikuja kwenye chupa ndogo, kwa saini za watu watatu, na hicho ndicho kilikuwa kidonge chake bora, kilichojaa nzito karibu chote. Hakuweza kukiacha huko. Akakirudisha kwenye pamba, kikopo akakiweka juu ya kabati la sebuleni.

Sehemu ya pili ya karo, ile ya kwa nini anaacha, akaahidi kuilipa Ijumaa.

Ijumaa yenyewe ikafika, shangazi naye akafika. Tulipomwamkia shikamoo na kupokea marahaba zetu, sisi wanaume tukaenda msikitini, wasichana wakaingia jikoni uani kukuna nazi, na shangazi akabaki sebuleni peke yake na jambo moja moyoni: watu watarudi kutoka msikitini na nyumba hainukii. Nyumba ya kaka yake, Ijumaa, bila udi. Hilo kwake lilikuwa sawa na kutuacha uchi. Akaanza kupekua.

Macho yake hayakuwa mazuri, lakini mkono ulikuwa hodari. Udi wa shangazi aliupika mwenyewe Tongoni, kwa sukari na sandali na marashi, akaukata vidonge vyeusi vya ukubwa wa sarafu, akavihifadhi kwenye pamba visinyonye unyevu. Kwa hiyo alipofungua kikopo cha filamu akakuta kidonge cheusi cha ukubwa wa sarafu ndani ya pamba, hakuwa na sababu ya kujiuliza. Baadaye alituambia alichowaza, bila kuona haya: mtoto kaenda Ulaya, kaja na udi wa Ulaya, tena kidonge kimoja tu, kakificha juu ya kabati shangazi yake asikione.

Akawasha chetezo, akakiweka.

Tuliporudi tulimkuta ameketi mkekani, chetezo mbele yake, anapepea. Alikuwa amekwishaongeza makaa mara mbili na kukisukuma kidonge katikati ya moto kwa ncha ya kisu, kwa sababu kilikuwa kigumu kutoa harufu. Sisi tulioingia tukakaa na kuvuta pumzi kama inavyotakiwa. Sikusikia kitu. Nikadhani ni pua yangu, vanishi imeiharibu zamani. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Shangazi alituuliza tunauonaje. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kumwambia mteja kwamba shati limechanika, alisema anasikia waridi kwa mbali. Kitindamimba aliyekuwa akipita na sahani akasema yeye anasikia kama iliki. Mpemba alifumba macho, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayejua vitu vya thamani, akaizuia kifuani.

"Udi wa bei mbaya, yakhe, hauji mbio mbio," alisema. "Huu mwataka kuusubiri."

Tukausubiri. Shangazi akatufunika mashuka kwa zamu, kama maharusi, ili moshi usipotee, ingawa moshi wenyewe haukuwepo. Mpemba alikaa chini ya shuka muda mrefu kuliko wote. Jogoo aliingia akasimama karibu na chetezo, naye akanyoosha shingo.

Hapo ndipo msomi wetu alipoingia na sinia la pilau. Shangazi akamkaribisha kwa utani kidogo wenye mwiba, akamwambia asante kwa udi wake ingawa hakuutoa kwa hiari. Mdogo wangu alitazama kikopo wazi juu ya mkeka. Akatazama chetezo. Aliliweka sinia chini taratibu sana, kama vile lilikuwa limejaa maji.

"Shangazi," alisema, "huo si udi."

Mimi nilifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Nilichukua koleo na kikombe cha maji, nikataka kukitoa kidonge na kukizamisha. Akanishika mkono.

"Usikitoe, kaka. Ukikipoza ghafla kimekufa. Kiache kipoe humo humo."

Akaeleza upesi upesi kwamba kitu kile kikiwa cha moto sana kinapumua, kinatoa oksijeni yake, na kikipoa polepole kinavuta nyingine. Ukikitoa ghafla kinabaki na njaa. Basi akafunika makaa kwa majivu, chetezo kikasogezwa pembeni, tukaambiwa tusikiguse mpaka alasiri.

Shangazi hakuelewa alichoharibu, lakini alielewa kwamba ameharibu, na uso wake ukawa mdogo. Aliuliza ni dawa? Ni hirizi? Mdogo wangu wa kiume akauliza kama waridi alilolisikia linaweza kumdhuru. Hakuna aliyekula. Pilau ilikaa katikati yetu ikipoa, na ile ilikuwa pilau ya nyama, kitu ambacho miaka michache nyuma tungekitolea machozi.

Nikasema, basi tulipwe karo. Ilikuwa Ijumaa.

Alianza kwa kumuuliza mdogo wetu wa kiume kama anakikumbuka kile kitanda cha kamba. Nani angekisahau. Baada ya msiba tuliuza vitanda viwili, tukabaki na kimoja, na wao wawili walilala humo miaka. Kamba zilikuwa zimelegea katikati. Mmoja akilala huku na mwingine kule, asubuhi mnawakuta wamebingirika shimoni, wamebanana kama ndizi.

"Na mmoja wao amelowa," alisema kitindamimba, ambaye wakati huo alikuwa bado mgongoni kwangu na habari hii aliipata kwa kusikia.

"Mvua ilivuja," alisema mdogo wangu wa kiume kutoka ndani ya koti lake.

Msomi akaendelea. Chembe za umeme, alisema, kwa kawaida hazipendani, zinasukumana. Lakini kwenye baridi kali, ndani ya vitu vichache, zinakwenda mbili mbili, na zikienda mbili mbili hakuna cha kuzizuia. Swali ni nini kinachozileta pamoja. Katika metali za kawaida, kama risasi na zebaki, jibu lilijulikana zamani: ni kitanda. Chembe ya kwanza inabonyeza kamba, ya pili inabingirika shimoni. Walijuaje? Walibadilisha kamba. Waliweka risasi ile ile yenye uzito tofauti kidogo, na baridi iliyotakiwa ikabadilika, kwa kiasi kile kile kilichotarajiwa. Ukibadilisha kamba na wanaolala wakasumbuka, ujue kitanda ndicho kinachowashikanisha.

"Nami nikabadilisha kamba za shaba," alisema. "Nikaweka nzito. Miaka miwili nabadilisha kamba."

Nikamuuliza: "Wakasumbuka?"

"Unywele, kaka. Unywele mmoja tu."

Tofauti aliyoiona ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa ya kweli, na ingeweza kuwa ya tanuri tu: labda kidonge kimoja kilikaa motoni kidogo zaidi ya mwenzake. Profesa wake alimwambia kuna njia moja ya kujua. Achukue vidonge vyake vizito avirudishe kuwa vyepesi, avipime tena. Unywele ukirudi ulikotoka, ni oksijeni. Usiporudi, ni tanuri. Alimtaka aanze na kile kilicho bora. Naye alikataa. Alisema hivi huku akitazama chetezo. Alikipika kile kidonge kwa miezi, alikilinda usiku na mchana, na sasa anaambiwa akitoe mwenyewe kila kitu alichokitia. Na kwa faida gani? Ajue kwamba miaka miwili imezaa unywele, au imezaa kosa. Wakagombana. Akakifunga kwenye pamba, akaja nacho nyumbani.

Kisha shangazi, ambaye nilidhani hasikilizi, akauliza: huyo mwalimu wako alitaka kifanywe nini hasa? Akajibiwa: kipashwe moto kwenye hewa ya kawaida, ile nzito itoke, kipozwe polepole. Shangazi akafikiri.

"Sasa mwanangu," alisema, "mimi nimefanya nini?"

Msomi wetu akaanza kucheka. Alicheka kicheko kile cha kitanda cha kamba, ambacho sikukisikia tangu aende ughaibuni, akaegemea bega la shangazi, akacheka mpaka kitindamimba akamletea maji. Profesa alimbembeleza miezi mitatu, na shangazi amemaliza kwa makaa ya kopo moja. Nasi pia tukacheka, Mpemba kwa sauti kuliko wote, ingawa nadhani alicheka kwa kufarijika kwamba si hirizi. Tukaila pilau ikiwa baridi.

Alasiri tulikifukua kidonge kutoka kwenye majivu, kikiwa kizima, na ufa mmoja mwembamba. Sasa msomi wetu hakuweza kukaa. Alitaka kujua kama nzito imetoka kweli. Njia ya kujua ni uzito, na uzito wake wa zamani aliujua kwa kichwa kama wengine wanavyojua siku yao ya kuzaliwa. Nikamkumbuka sonara wa barabara ya jirani, ambaye nilimfungia mota ya kung'arishia. Tukatoka kundi zima, shangazi mbele.

Sonara alitutazama watu sita tukiingia kwa ajili ya kitu kimoja cheusi. Aliuliza kama tunapima mkaa. Lakini alikuwa na mizani ya shaba ndani ya sanduku la kioo, na vijiwe vingine vidogo kama magamba ya dagaa, na heshima ya mizani ikaushinda udadisi wake. Alikifuta kwa brashi laini, akaweka upande mmoja vijiwe vya uzito ule wa zamani, upande wa pili kidonge. Kidonge kikapanda juu. Akatafuta gamba la kujazia pengo, hakuridhika, mwishowe akaokota punje ya mchele iliyokuwa mezani kutoka kwenye chakula chake cha mchana, akaiweka kando ya kidonge. Mizani ikatulia sawa.

"Kimepungua punje moja ya mchele," alisema sonara.

"Punje moja?" alisema mdogo wangu wa kiume. "Ndiyo tumeacha pilau ipoe?"

Lakini msomi wetu alikuwa amekwishashika ukingo wa meza. Punje ile ile ndiyo iliyoongezeka kule, siku nzito ilipoingia. Imetoka, alisema. Kisha akakunja uso, akasema labda. Inawezekana nzito zimetoka na nyepesi zimekaa kwenye viti vyao. Inawezekana pia baadhi ya viti vimebaki vitupu, maana makaa si bomba la oksijeni. Mizani haiwezi kutofautisha. Sonara akamuuliza ni nini basi kinachoweza, kwa kuwa hakupenda kusikia mizani yake haiwezi kitu.

Akajibu: "Baridi. Mtambo wangu wa baridi." Alisema *wangu*. Nililisikia neno lile nikatazama chini, nisije nikaonekana ninavyofurahi.

Njiani kurudi alitembea mbele yetu peke yake, anahesabu kwa vidole. Tulipofika nyumbani, kabla hajavua kanga ya kichwani, alimwita kitindamimba, akamwomba samahani, akamwambia ahamishe vitabu vyake, analihitaji sanduku. Mimi nilikwenda uani nikamfukuza jogoo, ambaye hakuwa na kosa.

Likabaki suala la shangazi. Yeye alikuwa mtu wa dini na wa msimamo: ukila kitu cha watu, unalipa. Aliuliza ile hewa nzito inapatikana wapi. Akaambiwa iko chupani, ng'ambo, kwa saini tatu. Akauliza ilikwenda wapi ilipotoka kwenye kidonge. Msomi wetu akasema, kwenu. Mmeivuta. Tulitazamana. Mpemba akagusa kifua chake, pale alipoizuia ile pumzi ndefu.

Kwa kumfariji, msomi wetu akamwambia kwamba asijali, nzito haiko chupani peke yake, imo hata kwenye hewa hii, kama chembe moja katika kila mia tano. Ni kuichambua tu ndiko kugumu. Hakujua alichokifanya. Shangazi alinyanyuka, akaenda kabatini, akaleta kichupa kitupu cha marashi, akapuliza ndani mara tatu, akakifunga kwa kizibo na kukizungushia uzi.

"Anzia na hii," alisema. "Hiyo moja ya kila mia tano ukaichambue huko. Iliyobaki nitakulipa kidogo kidogo, nikijaaliwa."

Siku mbili kabla mwezi haujaisha, msomi wetu aliondoka na sanduku lake, kikopo cha filamu na kichupa cha pumzi.

Barua ilikuja baada ya miezi. Kidonge cha shangazi, kama walivyokiita kule, hakikufa. Kilipitisha umeme bila kizuizi, ila kilitaka baridi kali zaidi ya zamani, kwa hiyo kweli viti kadhaa vilibaki vitupu. Kwa hesabu ya unywele hakikufaa kitu, kimechafuka mno. Lakini alipokwisha kuona kimoja kimeharibika na dunia haikusimama, alivirudisha vingine vyote kimoja kimoja, kwa bomba safi, bila kulia. Unywele ulirudi ulikotoka. Ni oksijeni. Ni mdogo, lakini ni wa kweli. Kisha, kwa sababu ya kile cha shangazi, akatengeneza kwa makusudi vidonge vyenye viti vitupu, akavibadilishia kamba, na huko hakukuta unywele. Alikuta tofauti kubwa, mara nyingi zaidi.

Nilisoma barua Ijumaa, nikairudisha kwa maneno yangu kama ilivyo sheria. Kwenye kidonge kizuri, kitanda karibu si kitu, kuna jambo jingine linalowashikanisha. Kwenye kidonge chenye njaa, kitanda kina neno. Nikamwandikia: karo imefika mpaka hapo. Sasa nieleze ni kwa nini. Akanijibu mstari mmoja, kwamba hajui, na wakubwa zake hawajui, na wanagombana.

Miaka ikapita. Akapata shahada yake, akapata nyingine, akawa anafundisha mbali. Mpemba alirudi kwao na fungu lake kifuani. Shangazi kila alipokutana na msomi wetu alimpulizia usoni, akasema hiyo ni ya mwaka huu.

Shangazi alipofariki tulimzika Tongoni. Mimi ndiye mwanamume wa karibu, basi nilisimama kabla ya maziko kusema yale yanayosemwa, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwetu, au amsamehe. Mwenye duka alisema anamdai kilo ya mchele, amemsamehe. Tuliporudi nyumbani, msomi wetu, aliyekuwa likizo siku hizo, alinivuta kando, nyuma ya jiko, macho yamevimba.

"Mimi namdai," alisema. "Punje moja."

Nikamwambia amsamehe basi, apumzike.

"Simsamehe. Mrithi ni wewe. Utalipa wewe."

Nikamkumbusha kwamba mimi nami namdai yeye, ile "kwa nini" ya barua, na sasa ni miaka. Akasema anajua. Bado wanagombana. Kichupa kiko mezani kwake huko, na uzi wake, hajakifungua.

Basi tumeachana hivyo. Kila akija likizo nampulizia usoni mara moja, kwa niaba ya marehemu, kisha naketi mkekani kungoja karo.